Mlango wa Pili

Ipo nchi moja, msiulize iko upande gani, lakini si yetu. Kwetu sisi mambo kama haya hayapo, alhamdulillahi, na ndiyo maana tunaweza kuyasimulia bila hofu.

Katika nchi hiyo palikuwa na mashine iliyoitwa seva. Ilikaa peke yake katika chumba cha baridi, na kompyuta zote za Serikali, kuanzia za ikulu mpaka za hospitali, ziliitegemea kwa nyaya ndefu zilizopita chini ya barabara. Mashine nyingine ya aina hiyo ilikuwa marufuku. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: SEVA MOJA, TAIFA MOJA.

Aliyekifagia chumba hicho ni Bi Pili binti Athumani, mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye macho ya kujua kama kiti kimesogezwa hata kidole kimoja. Kila siku aliswali alfajiri, akajifunga kanga, akaenda kazini kwa miguu, akavua viatu mlangoni kama ilivyoamriwa, akafagia vumbi ambalo kwa mujibu wa waraka halikuwemo. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Seva haikumsumbua, naye hakuisumbua.

Kisha mumewe akaanza kukosa pumzi.

Mzee Mbaruku alikuwa seremala wa milango. Nusu ya mji ilikuwa ikiingia na kutoka kwenye kazi ya mikono yake, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na pazia. "Wako nitautengeneza kwa nafasi," alimwambia mkewe kila mwaka, na mwaka huu nafasi ikapatikana. Akapata mbao za mninga, akazipiga randa, akaunga, akapaka mafuta mpaka mlango ukawa unang'aa. Ukabaki kutiwa bawaba tu. Hapo ndipo kifua kilipombana. Akapelekwa hospitali kuu, akapigwa picha ya kifua, akalazwa kusubiri picha isomwe.

Picha haikusomeka. Daktari Asumini, binti mwembamba mwenye miwani, alimgeuzia Bi Pili kompyuta.

"Jina lake hili hapa, mama. Picha imo. Nikiigusa inaniambia hivi."

Bi Pili alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa shuleni: "Leseni haipatikani. Tafadhali subiri." Akainua macho. "Tusubiri mpaka lini?"

"Haijasema."

"Na wewe kwa masikio yako, mwanangu, ukimsikiliza husikii kitu?"

"Nasikia, mama. Nadhani ni maji, upande wa kushoto. Lakini waraka unakataza sindano kuingia kifuani mwa mtu kabla picha haijafunguliwa. Daktari aliyemtoboa mgonjwa kwa kusikiliza tu, sasa yuko kisiwani anaihesabia Serikali kasa."

*

Katika jengo la seva mtu aliyeijua seva alikuwa mmoja, fundi Shomari. Wengine kumi na wanne walikuwa wakuu wake.

"Kila programu ina bawabu wake, Bi Pili," Shomari alimweleza asubuhi yake. "Kiofisi anaitwa msimamizi wa leseni. Daktari akitaka picha, programu inakwenda kwa bawabu inapiga hodi. Bawabu akiitikia karibu, picha inafunguka. Asipokuwepo wa kuitikia, basi tena."

"Na huyo wa hospitali kaenda wapi?"

"Hana pa kusimama. Humu ndani ya mashine mna milango maelfu, kila mmoja na namba yake. Huyu wa hospitali na yule wa Wizara ya Sura na Sherehe, wote wawili wameandikiwa namba moja. Mashine ikiamka, anayewahi anakaa. Anayechelewa anakuta mtu mlangoni, anarudi kulala. Na yule wa Sura na Sherehe lazima awashwe kwanza. Itifaki."

Wizara ya Sura na Sherehe, kama hamuijui, kazi yake ilikuwa ni kutengeneza picha ya Mlezi wa Taifa inayotundikwa katika kila ofisi. Programu yake ilimtoa mvi. Mlezi aliota mvi kila siku, kwa hiyo programu nayo haikuwa na siku ya mapumziko.

"Watu wazima hawawezi kupishana?" aliuliza Bi Pili.

"Si watu, mama'angu. Ni maandishi tu, yamo ndani ya mashine."

Bi Pili aliegemea ufagio wake, akafikiri. "Basi mwandikie mmoja wao mlango wa pili."

Shomari alicheka mpaka akashika meza. "Wallahi wewe ndiye wa kukalia kile kiti cha mkurugenzi! Ndiyo dawa yenyewe. Mstari mmoja kwenye faili. Dakika tano, na chai juu yake."

"Andika basi, mwanangu. Mume wangu hana pumzi."

Kicheko kikamkauka Shomari. "Siruhusiwi kugusa faili bila kibali. Lakini barua ya kuomba naiandika sasa hivi, usiondoke."

Akaiandika mbele yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililokuja kumponza. Barua nzima ilikuwa hivi: "Wasimamizi wawili wa leseni wanagombania mlango mmoja. Naomba kibali ili mmoja wao apewe mlango wa pili."

*

Mkurugenzi, Bwana Tegeo, aliisoma barua mara tatu kisha akasimama wima.

"Wanagombana! Ndani ya jengo langu!"

Wasimamizi hao hakuwahi kuwaona, lakini alikuwa na watumishi wengi ambao hakuwahi kuwaona. Akauliza kwanza nani kati yao ni mkubwa kwa cheo. Jibu lilipokosekana, akamwandikia kila mmoja barua ya kujieleza ndani ya siku tatu, na kwa kuwa meza zao hazikujulikana zilipo, barua zikabandikwa kwa gundi ubavuni mwa seva. Siku tatu zikapita. Hakuna aliyejieleza.

Ikaundwa Kamati ya Usuluhishi. Waziri wa Sura na Sherehe mwenyewe, Mheshimiwa Ndundo, alikubali kuwa mwenyekiti, ingawa mmoja wa wagomvi alikuwa wake. Viliwekwa viti viwili vyenye mito kwa ajili ya wasimamizi, na Bi Pili akaamriwa awaandalie chai. Akamimina vikombe viwili, akaviweka mbele ya viti vitupu, akaenda kusimama ukutani.

"Ndugu zangu wasimamizi," alianza Waziri, akivitazama viti kwa upole wa baba, "taifa letu limejengwa juu ya msingi wa kupishana mlangoni. Waasisi wetu walipishana. Mlezi wetu, pamoja na ukubwa wake wote, hupishana. Ninyi ni nani msipishane?"

Makofi yakapigwa. Viti vikanyamaza.

Shehe mmoja mzee, aliyeitwa kuja kuomba dua, alimwinamia Bi Pili. "Binti, hao wanaosemeshwa wako wapi?"

"Hawapo, shehe. Ni maandishi."

"Na wakubwa wanajua?"

"Wameandikiwa. Kusoma ndio bado."

Shehe akavitazama viti, akawatazama wajumbe, akaomba dua fupi kuliko zote alizopata kuomba tangu avae kilemba, kisha akatafuta viatu vyake.

Muhtasari wa kikao ulisambazwa kesho yake. Ulisema kwamba wasimamizi walikuwa watulivu muda wote na hawakupinga hoja hata moja, ila chai yao hawakuigusa, dalili kwamba kinyongo bado kipo.

*

Alasiri, akitoka kazini, Bi Pili alipitia hospitali. Mzee Mbaruku alikuwa sasa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Alisema maneno mawili, akapumzika, akasema mawili mengine.

"Wamepatana?"

"Bado. Wamekataa chai."

Mzee akacheka, na kile kicheko kikaja kuwa kikohozi kirefu kilichomtoa machozi. Kilipotulia alimshika mkewe kidole. "Mimi... ningeinywa."

Bi Pili alimkanda mgongo, akamsomea aya alizozihifadhi tangu chuoni, akahesabu pumzi zake bila kutaka. Jana zilikuwa ndefu kidogo.

*

Siku ya kumi na moja Kamati ilikitembelea chumba cha seva. Waziri alisimama katikati, mikono mgongoni, akageuka pole pole pande zote nne.

"Nauona mlango mmoja," alisema.

Wajumbe nao wakageuka, wakauona mmoja.

"Na barua ya fundi inasema nini?"

"Inaomba mlango wa pili, Mheshimiwa."

"Sasa tulikuwa tunasuluhisha nini? Bomoeni ukuta."

Fundi Shomari alijitupa mbele. "Mheshimiwa, mlango wa mashine! Si mlango wa ukutani! Ni namba, imeandikwa kwenye faili, nipe dakika tano nikuonyeshe hapa hapa..."

"Unaudharau ukuta wa Serikali?" aliuliza Waziri kwa sauti ya chini kabisa.

Kabla ya adhuhuri Shomari alikuwa amekwishapewa uhamisho wa kwenda kuhesabu kasa. Alipokuwa anakusanya vitu vyake alimpitia Bi Pili kwenye ngazi, akamtia kikaratasi kiganjani. Mlikuwa na mstari mmoja, herufi na namba, kwa mwandiko wa wazi.

"Huu ndio wenyewe. Mtu yeyote mwenye funguo za mashine akiuandika huu, imekwisha. Mwombee mzee kwa niaba yangu."

Bi Pili akakifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Kesho yake akaitwa kwa mkurugenzi. Maseremala wa Serikali walikuwa wamesema mlango unataka miezi sita, na mtu mmoja mwenye midomo alikuwa amesema nyumbani kwa mfagiaji upo mlango wa mninga umekaa bure.

"Haujakaa bure, bwana," alisema Bi Pili. "Unamngoja mwenyewe atoke hospitali autie bawaba."

"Si ndiyo hayo!" Bwana Tegeo akapiga meza kwa furaha. "Mlango ukipatikana, wasimamizi watapatana. Wakipatana, picha itafunguka. Picha ikifunguka, mwenyewe atatoka. Sasa hapo nani anamchelewesha mumeo? Mimi?"

Bi Pili akafungua pindo la kanga. "Mlango mtauchukua. Ila fundi kaniachia huu mstari, na anayeuandika si lazima awe fundi. Uandikeni pia, bwana, nakuomba kwa jina la Mungu. Dakika tano."

Mkurugenzi akakishika kikaratasi kwa pembe, kama mtu aliyeokota mende. "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Ndiyo maana unaona mambo ni mepesi." Akamrudishia. "Ukuta ukishakamilika, tutayatazama hayo maandishi yenu. Nenda."

Hilo "tutayatazama" Bi Pili alikwenda nalo hospitali kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mzee Mbaruku alimsikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

"Wape," alisema. Akapumzika. "Nitatengeneza... mwingine." Akapumzika tena, safari hii zaidi. "Upande wenye... jina lako... ndio ndani. Waambie."

Aliwaambia. Msimamizi wa ujenzi alimjibu kwamba pande za mlango zitaamuliwa na Kamati.

*

Ukuta ulibomolewa siku ya kumi na saba, na siku ya kumi na nane palikuwa na sherehe. Bi Pili aliwekwa kwenye kona na ufagio mpya, maana vumbi la tofali lilikuwa limetanda kila mahali na Waziri alikuwa na suti nyeusi. Mlango wa mninga ulisimama katika ukuta mbichi, umevalishwa utepe, na juu yake kibao cha shaba: MLANGO WA PILI.

"Shoga," alinong'ona Bi Tausi, mpika chai, akimbinya ubavu, "Serikali imekuandikia mlango kwa jina lako! Mwakani ukazane wakupe na dirisha."

Bi Pili alikuwa anautazama ubao. Waliuning'iniza kinyume. Upande wa ndani ulikuwa unatazama nje.

Waziri alikuwa katikati ya hotuba, mahali pa kuwashukuru wasimamizi wote wawili kwa uzalendo wao, seva iliposhikwa na kikohozi. Ilimeza vumbi la ukuta, ikavuma kwa nguvu, ikazima. Chumba kikawa kimya, na katika jengo lile ukimya ulikuwa kitu kigeni. Wakuu kumi na wanne wakatazamana. Mwisho mmoja wao akafumba macho, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, na mashine ikaamka. Aliyejua kwamba bawabu wa Sura na Sherehe huwashwa kwanza alikuwa kisiwani na kasa, kwa hiyo siku hiyo hapakuwa na itifaki. Bawabu wa hospitali akawahi.

Haikupita robo saa, simu ya Waziri ikalia. Akaisikiliza, akainua mkono juu.

"Picha zimefunguka! Hospitali nzima! Wako wasioitakia mema nchi hii waliosema mlango wa ukutani hauwezi kusaidia. Mlango umewajibu!" Makofi, vigelegele. "Na picha ya kwanza kufunguliwa ni ya nani? Ya mume wa mfagiaji wetu huyu hapa! Njoo mama, njoo upigwe picha na viongozi!"

Wakamvuta mbele, wakampanga kati ya Waziri na mkurugenzi, taa ikammulika usoni. Yeye alikuwa anatafuta njia tu. Viatu vyake vilikuwa kule kwenye mlango wa zamani, nyuma ya watu mia. Utepe ulikuwa umekwishakatwa. Bi Pili akausukuma mlango wa mumewe kwa viganja viwili, akapita, akashuka barabarani peku, anakimbia, na ufagio mkononi.

Wodini mito mitatu ilikuwa imepangwa mmoja juu ya mwingine kwenye godoro tupu.

Daktari Asumini alimkuta pale, akamshika mkono, akamkalisha mbele ya kompyuta. "Alipumzika saa nne, mama. Picha imefunguka saa sita. Nimeifungua kwa sababu... sijui. Niliisubiri sana."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Bi Pili. Akaikunja miguu yake yenye vumbi chini ya kiti. "Nionyeshe."

Kilikuwa kifua cha Mzee Mbaruku, mbavu zake zote, zimepangika sawasawa kama kazi ya seremala.

"Huu weupe wote ni maji. Yangetoka kwa sindano moja." Daktari alivua miwani. "Nilikuwa nayo mfukoni siku zote hizi."

"Moyo uko wapi?"

"Huu hapa. Maji yameusukuma, umesogea huku."

Bi Pili alinyoosha kidole. Kabla hakijafika, picha ikatoweka, na mahali pake pakaja maneno aliyoyajua: Leseni haipatikani. Tafadhali subiri.

Kule kwenye jengo la seva sherehe ilikuwa imekwisha, na picha zilizopigwa zilipaswa kutoka magazetini kesho yake. Nyuma ya viongozi, ukutani, ilionekana sura ya Mlezi yenye unywele mmoja mweupe. Ikabidi fundi apigiwe simu kisiwani, mashine izimwe, iwashwe upya kwa itifaki.

*

Bi Pili alikaa eda miezi minne na siku kumi. Aliporudi kazini alivikuta viatu vyake pale pale alipoviacha, na barua ya onyo ndani ya kimoja: alitumia mlango wa Serikali kabla haujakabidhiwa rasmi.

Haujakabidhiwa mpaka leo. Umefungwa kwa kufuli, kwa kuwa bado hajateuliwa msimamizi wa kuusimamia, na ufunguo anao Waziri. Ndani ya mashine mabawabu wawili wanagombania namba ile ile kila asubuhi, na kila asubuhi anawahi yule yule. Kamati imekaa tena. Inasemekana wanafikiria mlango wa tatu.

Kikaratasi cha Shomari kingalimo kwenye pindo la kanga. Bwana Tegeo hakuyaulizia yale maandishi, na siku Bi Pili alipomkumbusha, alimwambia ukuta bado haujapakwa rangi.

Kazi yake imeongezwa. Akishafagia ndani, huzunguka nje kuufuta vumbi Mlango wa Pili. Hufuta kibao, hufuta papi za mbao moja moja, hushuka mpaka chini ya kitasa, mahali ambapo kuna penseli ya seremala, mwandiko mkubwa wa mtu asiyependa kuandika: PILI. NDANI.

Yeye yuko nje. Hapo huweka kitambaa chini, akatazama kushoto na kulia, akaubisha mlango taratibu kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Hodi," husema.

Husubiri kidogo. Nyuma ya ubao mashine inavuma, inamtoa Mlezi mvi.